Tauno Kekkilä, Muuguzi Aliyewafungua Wanaume Midomo

Baada ya miaka thelathini na minne katika wodi ya magonjwa ya mkojo hapa Savo, mkoa wetu wa theluji, muuguzi Tauno Kekkilä anastaafu tarehe 31 Mei. Wodi itapumzika na miluzi yake ya asubuhi. Jamani, tutaikumbuka!

Tauno alipoanza kazi, wanaume wa huku walikuja hospitali wakiwa wamechelewa. Ukimwuliza mtu hali yake, anajibu nzuri tu, kumbe saratani imeshamfika mifupani. Tauno akaona kuwangoja ni kazi bure. Kila Jumamosi akawafuata sauna, chumba cha moto cha kuogea mvuke, ambako hata bubu wetu huongea. Aliwaambia bila kuzunguka: ukipita hamsini, muone daktari kuhusu tezi dume; kama baba au ndugu yako aliugua saratani yake, au una asili ya Afrika, nenda mapema zaidi.

Aliyemshinda ni kaka yake mwenyewe, Urho. Saratani hiyo ndiyo iliyomuua baba yao, lakini Urho hakutaka kusikia habari ya vipimo, kwa kuogopa kisu.

"Bora nife na uanaume wangu!" alikuwa akisema, na Tauno akawa anakosa usingizi.

Basi Tauno akamwekea dau la tangu utotoni: atakayetoka kwenye mvuke kwanza atamtii mwenzake. Urho hakuwahi kushindwa hata mara moja. Ila siku hizo haja ndogo ilikuwa haimpi nafasi, na mdogo wake alilijua hilo vizuri. Urho alijibana weee, mwisho akachomoka mbio.

"Umenichezea rafu, mjinga wewe!" akafoka kutoka nje.

"Jumatatu saa mbili asubuhi, kaka. Usichelewe."

Haja za namna hiyo mara nyingi ni tezi kukua tu kwa umri. Kwa Urho, vipimo vilikuta pia saratani, bado changa. Daktari akamweleza kwamba kisu ni njia mojawapo tu: wengine hufuatiliwa kwa vipimo, wengine hupewa mionzi, wengine dawa za homoni. Urho akachagua mionzi. Huu ni mwaka wa sita, na majibu yake ni mazuri.

Tauno, asante kwa wote uliowaburuta mpaka mlangoni kwetu. Tunakuombea afya na siku ndefu za kiangazi. Baba yenu hakuwahi kuonja pensheni yake. Wanawe wawili wanakwenda ziwani kuvua samaki, na Urho anasema tusiwatafute mpaka theluji ianguke.