Mafuta ya Upako Ndani ya Kompyuta ya Akiru

Bwana asifiwe, kanisa! Aa, mmeitika kama watu ambao hawajanywa chai. Bwana asifiwe sana! Na ninyi mliokaa pale nje kwenye kivuli cha ukuta, nawaona pia, Bwana asifiwe!

Mchungaji ameniambia nisirefushe. Anajua akinipa maikrofoni huwa siirudishi. Lakini leo, ndugu zangu, hata stima ikipotea nitapiga kelele tu mpaka nimalize, maana nilichotendewa siwezi kukaa nacho nyumbani kimya.

Kwa wageni, mimi ni Mama Akiru. Kwetu ni Ngaremara, ila nimeishi hapa Isiolo mjini tangu niolewe. Kazi yangu ni mbuzi. Nanunua mnadani Oldonyiro, naleta hapa, na wenye bucha wananijua, wengine wananiogopa kidogo. Mbuzi ndio wamenilishia watoto, na mbuzi ndio wamempeleka kifungua mimba wangu, Akiru, chuo kikuu. Ninyi wenyewe mlimwekea mikono hapa mbele siku ile anaondoka. Mama Kendi, ambaye ndiye mwenzangu wa maombi, yule pale wa kitambaa cha kijani, alilia kuliko mimi niliyemzaa.

Mnajua wazee wetu, mtu akivuka kwenda miji ya chini wanasema ameenda Kenya, kana kwamba sisi huku hatumo. Basi Akiru akaenda Kenya. Alisema anasomea mambo ya kompyuta. Alisema hivyo tu, na yaliyobaki nikamalizia mwenyewe. Nikamwona yuko benki, amekaa nyuma ya kioo, feni inampuliza. Nikatangazia soko zima. Hata mbuzi walikuwa wanajua Akiru atafanya kazi benki.

Sasa ndugu zangu, siku moja naangalia simu, kwa grupu yetu ya wamama, nakuta picha. Chumba cheusi. Taa za zambarau. Vijana wamekaa kwa viti virefu kama vya kinyozi, wamefunikwa masikio, macho yamekodolea skrini. Na ukutani nyuma yao kichwa kikubwa kimechorwa, kina pembe, kina macho mekundu! Katikati ya hao vijana ni nani? Ni Akiru wangu. Amecheka mpaka jino la mwisho.

Nikampigia hapo hapo, nikamuuliza kama hiyo picha ni ya kweli na hilo lenye pembe ni nini. Akasema, "Ni kweli, Mama. Digrii yangu ni ya kutengeneza gemu. Hicho chumba ni darasa letu, na pia ndipo timu ya chuo inafanyia mazoezi."

"Timu ya nini?"

"Ya gemu, Mama. Vyuo vinashindana, kama mpira. Hiyo ya ukutani ni nyati, ni alama ya timu yetu."

Mimi ninayeishi na pembe asubuhi mpaka jioni, siku hiyo niliogopa pembe. Nikakata simu, nikakaa chini pale pale bomani.

Na niwaambie kwa nini niliogopa hivyo, msidhani ni ushamba peke yake. Nilikuwa na ndugu mdogo, Ekal. Wa rika langu mnamkumbuka. Kijana mpole, mwenye akili. Alianza kuingia kwa meza ya puli hapa mjini, ule mchezo wa mipira na fimbo, saa moja, saa mbili, halafu akawa hatoki. Akaacha shule. Akaacha kula na sisi. Mwisho akapanda lori na watu tusiowajua, na mpaka leo mama yangu akisikia lori linasimama barabarani anainua kichwa. Kwa hiyo mimi nilijua mchezo unaweza kumla mtu. Nilipoona ile picha, sikumwona Akiru pale. Nilimwona Ekal.

Baba Akiru yeye hakuzunguka. Alisema, "Kamlete. Atauza mbuzi na wewe, mbuzi ni kitu mtu anaona kwa macho." Nikakubali. Nikafunga na kuomba, nikalia, nikakonda mpaka muuza mkaa akaniuliza kama ninaumwa. Halafu nikamchukua Mama Kendi, tukabeba ile chupa yangu ya mafuta ya upako, tukaenda Kenya kumtoa mtoto.

Akiru alitupokea langoni. Aliniamkia kwa heshima, akachukua mzigo wa Mama Kendi. Nikamwambia hata kabla ya kukaa, "Panga vitu vyako. Tunarudi nyumbani."

Ndugu zangu, hakubishana. Heri angebishana. Aliniangalia tu, akasema, "Sawa, Mama. Lakini leo mchana walimu wanakuja kutahini kazi yangu ya mwaka huu. Naomba nimalize hiyo moja, halafu twende." Akaenda hosteli, akarudi na begi lake limejaa, lile la bluu tulilomnunulia wakati anaenda. Akaliweka kando ya mlango wa kile chumba, akasema anawafuata walimu, tumngoje hapo kwa benchi.

Tungekaa kwa benchi, hadithi ingekuwa fupi. Lakini Mama Kendi alichungulia ndani, akaona yule nyati, akaniambia, "Mama Akiru, tukingoja, si tuombee hiki chumba? Kuna watoto wa wenyewe humu."

Tukaingia! Tukaanza kukemea! "Toka! Toka kwa jina la Yesu!" Wale vijana, masikio yamefunikwa, hawasikii chochote, wanabonyeza tu. Mmoja aligeuka akatuona, akasema "Amen," akaendelea na kazi yake. Mimi nikapaka mafuta milangoni. Nikapaka viti. Nikafika kwa mashine moja kubwa pembeni, haina mtu, ina matundu juu, na ndani ya matundu taa nyekundu inawaka. Nikasema, haa, kumbe moto wenyewe uko humu! Nikamimina. Sikupaka, ndugu zangu, nilimimina. Na Mama Kendi mnamjua akianza kumkanyaga Shetani. Alikanyaga huku, akakanyaga kule, sakafu ikatetemeka, na mara ile taa nyekundu ikazimika, skrini ikawa nyeusi.

Tukapiga vigelegele. "Haleluya! Ametoka!" Tulikuwa tunarukaruka wakati Akiru alisimama mlangoni.

Hakupiga kelele. Aliangalia ile mashine, akaangalia chupa mkononi mwangu, akakaa juu ya begi lake. Akasema polepole, "Mama, hiyo ndiyo kazi yangu yote. Ndiyo wanakuja kutahini."

Kanisa, furaha ilinitoka kama maji kwa mtungi uliopasuka. Nilikuwa nimetoka Isiolo kuokoa mtoto, na sasa mtoto amekaa kwa begi, machozi yanamdondoka kwa viatu, na aliyefanya hivyo ni mimi.

Nyuma yake akaja mwalimu wake, mama wa ushungi, anaitwa Halima. Nikajiandaa kutukanwa. Badala yake alisema, "Salaam aleikum, akina mama. Mimi kwetu ni Merti, huko huko Isiolo, kwa hiyo tusiogopane. Ni mafuta gani haya?"

Nikasema kwa sauti ya kuku, "Ya maombi."

"Ya zeituni?"

"Ya zeituni."

"Afadhali. Ingekuwa maji tungelia wote." Akachukua bisibisi, akavua saa, akaanza kufungua ile mashine. Akafuata waya chini ya meza akakuta umechomoka, na juu yake alama ya kisigino. Kisigino cha nani, sitasema. Lakini anavaa kitambaa cha kijani.

Akarudisha waya, akabonyeza. Kimya. Mafuta yalikuwa yameingia mpaka kwa kile kifeni cha ndani. Akaanza kupangusa kitu kimoja kimoja kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anaosha mtoto mchanga. Na akiwa anapangusa, alikuwa anatuelezea. Kwamba gemu haitengenezwi na mtu mmoja. Kuna anayechora, kuna anayeandika hadithi yake, kuna wa muziki, kuna wa hesabu. Halafu kwa yale mashindano kuna wanaocheza, kuna watangazaji, kuna wanaopanga shughuli yenyewe. "Ni kama harusi, Mama," akasema. "Bibi harusi ndiye anaonekana, lakini wanaokula mshahara ni wapishi na watu wa hema."

Hapo nikajikaza nikauliza lile swali lililonileta. "Na mchezo ukimla?" Nikamwambia habari za Ekal. Yote, na lori.

Halima aliacha kupangusa. Akasema, "Pole sana. Hapa wanaocheza wana saa zao na wana kocha, na anayeanguka darasani anatolewa kwa timu mpaka apande. Lakini hebu niulize. Ndugu yako pale kwa puli, ni nani alikuwa anamwangalia?"

Nikafikiria. Nikasema, "Hakuna."

"Huyu ana sisi. Na ana wewe, umetoka Isiolo na chupa."

Ndugu zangu, niliiweka ile chupa chini. Nikachukua kitambaa kingine, nikaanza kupangusa naye.

Walimu wa kutahini walikuwa wameshafika, wanasikika kwenye korido. Mashine bado kimya. Nikamshika Mama Kendi mkono, tukaiwekea ile mashine mikono, sisi wawili tuliokuja kuikemea! Nikaomba, "Bwana, yale maneno tuliyosema saa ile, tunakuomba usiyasikilize! Hatukujua! Ihurumie hii mashine, Bwana, ina kazi ya mtoto wangu ndani!" Mama Kendi analia, miguu ameibana asikanyage kitu. Wale vijana sasa wametoa vifuniko vya masikio, wamesimama wote. Tukamaliza, na Mwalimu Halima akasema, "Amin," akabonyeza.

Kimya. Akabonyeza tena.

Ikawaka! Kanisa, ile taa nyekundu niliyoiita moto wa jehanamu ilipowaka, nilishukuru kama nimeona jua baada ya wiki ya mvua! Kifeni kikaanza kuvuma, na chumba kizima kikanuka zeituni.

Walimu wakaingia, tukasukumwa nyuma. Akiru akafuta uso, akasimama mbele, akafungua kazi yake. Na kwa skrini nikaona Ngaremara. Ile barabara yetu, ile miiba, vile vilima. Kuna msichana anachunga mbuzi wakati wa kiangazi, lazima awafikishe mtoni wakiwa hai, na njia ni ngumu. Walimu wakacheza wenyewe. Mmoja wao, mzee mwenye suti, mbuzi wakamtawanyikia, akabonyeza kitufe cha kuwaita.

Nikasikia, "Rrrrr-ha! Rrrrr-ha!"

Hiyo ni sauti yangu, ndugu zangu. Ni mimi nawaita mbuzi! Alipokuja likizo alikuwa ananifuata bomani na simu, nikidhani anapiga picha. Mbuzi wote kwa skrini wakageuka, wakaja. Halafu mmoja akakimbilia hema, na sauti yangu ikatoka tena, "Wewe mwizi! Toka kwa unga wangu!" Walimu wakacheka mpaka yule wa suti akavua miwani.

Mwanangu alikuwa hajapotea. Alikuwa kule Kenya, na nyumbani kote alikuwa amekubeba. Mimi nililia mbele za watu bila aibu. Ile hofu iliyoingia siku ya lori la Ekal, ambayo nimelala nayo na kuamka nayo miaka hii yote, niliisikia ikitoka. Tulienda kumtoa pepo kwa chumba, na Mungu akaitoa hofu kwangu!

Akafaulu. Walipomwambia, alinikumbatia, halafu akaenda mlangoni akachukua begi. Akasema, "Haya, Mama. Nimemaliza. Twende."

Angalia mtoto huyo. Alikuwa tayari kabisa.

Nikamnyang'anya lile begi. Nikaliweka kichwani, hivi, kama mzigo wa kuni, nikamwambia, "Nionyeshe hosteli ni wapi." Tukapanda ngazi mpaka juu, nikalifungua, nikamrudishia nguo zake kabatini moja moja, na mkono wangu. Nikatandika kitanda. Mama Kendi akaomba, polepole, amesimama mahali pamoja.

Nilipofika nyumbani, Baba Akiru alikuwa mlangoni. Akaangalia nyuma yangu. "Mtoto yuko wapi?" Nikamwambia, "Nimemwacha kwake." Nikamwonyesha ile gemu kwa simu, Akiru alikuwa amenirekodia. Akaiangalia mara mbili, akanirudishia simu. Lakini kesho yake nilimsikia bomani, anawaita mbuzi kwa sauti nzuri kuliko kawaida, anaangalia kama kuna mtu anarekodi!

Sasa Akiru amepata mahali pa kujifunza kazi, kwa watu wanaotengeneza hizo gemu, na analala vizuri, na mimi nalala vizuri. Nawashukuru mlioomba nami. Namshukuru Mwalimu Halima, Mungu azidi kumpa subira. Namshukuru Mungu aliyesikia lile ombi la pili na kulinyamazia la kwanza.

Na wewe uliyekaa hapo, mtoto wako yuko mahali usipopaelewa, na moyo wako unatetemeka kila simu ikilia, mtumaini Mungu. Nenda kamwone mtoto. Kaa, uliza, ngoja akuonyeshe. Yule aliyenitua mimi mzigo huu hajachoka, atautua na wa kwako.

Chupa yangu bado ina mafuta kidogo. Mwenye mtoto chuoni aje hapa mbele, tutapaka na kuomba pamoja. Ni vichwa tu, msiogope. Mama Kendi, njoo unisaidie. Na chunga huo waya wa maikrofoni.