Mwaka Tuliogopa Mashine ya Vidole

Kwa Nduwimana, Mrundi muuza kahawa wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kuna benchi moja bovu la mbao: ukikaa pasipo pako, linakubinua. Ndiyo maana kila mtu ana nafasi yake. Télesphore, aliyekuwa mwalimu Bukavu na anayeitwa Profesa, hukaa kulia. Zénon fundi wa redio, jina la utani Satelite, katikati. Étienne fundi cherehani kushoto, futi shingoni. Siku hiyo ilitangazwa kwamba kesho kuna kuandikishwa upya, kwa mashine ya kuchukua alama za vidole, na wazee wetu wakaanza kuwacheka waoga wa zamani. Étienne alicheka kuliko wote, maskini, ili asiulizwe kitu.

— Munakumbuka mwaka elfu mbili? Profesa akaanza. Balisemaka saa sita kamili ya usiku ordinatere zote, kompyuta zile, zinakufa, ndege zinaanguka sawa maembe!

— Kwetu Bukavu ordinatere zilikuwa ngapi? Étienne akauliza.

— Kwa parokia yetu, moja. Na ilikuwa imekufa tangu Pasaka.

— Papa yangu alichinja mbuzi zote tatu, Satelite akadakia. Eti tukule, dunia inaisha. Asubuhi tuko bazima, mbuzi hakuna!

— Hiyo kidogo, Profesa akasema. Jirani yetu alitubu mbele ya kanisa nzima, akataja hawara na jina yake. Tarehe mbili bibi yake akamufukuza.

— Na zile namba nyekundu za simu? Étienne akaongeza. Unaitika tu, unakufa!

— Mashini ya vidole njo mukubwa yabo! Satelite akapaza sauti. Ile mwaka ilikuja hapa mara ya kwanza, eti inanyonya damu, inaandika mia sita sitini na sita ndani ya mufupa. Usiku ordinatere inakuita, unatembea na usingizi mpaka Lilongwe!

Profesa akamkanyaga mguu. Satelite akakumbuka, akainamia kikombe chake. Habari ya Étienne kijiwe kizima kinaijua, ila hakuna aliyewahi kuigusa mbele yake.

Lakini pale alikuwa amesimama Bénie, mama aliyetoka Fizi, mwezi wa pili tu kambini, mtoto mgongoni.

— Bapapa, samahani. Kwa kanisa yetu banasema kesho tufiche batoto. Bale balikataaka kidole ile mwaka, ilibaendea aje?

Étienne akamtazama yule mtoto anayenyonya kidole, moyo ukamuuma.

— Uliza miye, mama. Mi nilikimbilia Area 36, kule Lilongwe, kwa rafiki. Bibi yangu Odette akakataa kunifuata. Akaweka kidole, na za batoto babili. Bakamuuliza: bwana yako iko wapi? Akaogopa kunitaja. Akasema hajue.

— Kisha?

— Kisha miaka ine, majina yabo ikatoka, ya kuhamia Kanada. Nilibasindikiza mpaka kwenye basi tu, sababu kwa karatasi mi siko bwana ya mutu. Bo kisha kuenda, na miye niliendaka, nikaweka vidole zote kumi. Banasema dosie yangu, ile faili, inaendelea. Mwaka ya saba sasa. Lucie, ule wa mwisho, kwa simu ananiitaka msié, sawa mugeni. Msié, mama. Mi papa yake.

Bénie akamweka mtoto sawa mgongoni, akauliza taratibu, bila ubaya wowote:

— Lakini papa, ulikuwa unaogopa nini?

Étienne akafungua kinywa. Damu? Namba? Mchungaji aliyehubiri mambo yale, hata sura yake ilishamtoka kichwani. Alikumbuka vizuri barabara ya kwenda Area 36, na joto la siku ile, na Odette mlangoni akimwambia rudi, Étienne, tuende wote. Woga wenyewe aliutafuta kila mahali, hakuuona. Nduwimana akainua birika. Hakuna aliyenyoosha kikombe.

— Sikumbuke tena, mama, akasema, na machozi yakamtoka mbele za watu.