Tuneya, Mwosha Mazulia wa Garsen

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo jioni hii, salamu zangu ziwafikie. Waiteni walio uani waje karibu na redio, maana leo tunamkumbuka mama mmoja wa Garsen. Jina lake Tuneya binti Mahmud. Tuneya, mwosha mazulia. Alifariki mwezi uliopita, kwa homa, nyumbani kwake karibu na kivuko cha Mto Tana.

Nilikwenda mwenyewe kuhani. Nilidhani nitakuta jamaa wachache. Nikakuta Wapokomo, Waorma, Wasomali, na watu waliotoka Kipini, wote wamekaa chini ya turubai moja, na kila ninayemsogelea ananitajia zulia. Zulia gani? Nikauliza. Nikahadithiwa kisa hiki, nami nawaletea kama nilivyokipokea.

Tuneya alizaliwa Kinakomba, kwa wakulima wa ukingoni mwa mto. Akaolewa Garsen, akafiwa na mume mapema. Akamlea bintiye, Mwanaarusi, kwa kusuka mikeka na kufua nguo za watu.

"Mama alikuwa na tabia moja," aliniambia Mwanaarusi. "Ukimpa kifaa kipya, hakisifu wala hakikatai. Atakijaribu pembeni, pasipoonekana. Kisha atanyamaza. Halafu ndipo aseme."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mwaka 1954 mto ulifurika. Maji yaliingia madukani, yakaingia na msikitini. Yalipopungua, watu walilikuta zulia la msikiti limelala ndani ya tope. Lilikuwa zulia kubwa, la kahawia. Nasema la kahawia, kwa sababu hivyo ndivyo kila mtu alivyolijua. Wazee waliosujudu juu yake tangu ujana wao walilijua hivyo hivyo.

Mtu mmoja tu alikataa. Bi Kafia.

Bi Kafia alikuwa mama mzazi wa Diriye, mwenye duka. Mumewe, marehemu Elmi, ndiye aliyelileta zulia lile kutoka Kismayu alipokuwa bwana harusi. Akalitandika nyumbani kwa bibi harusi wake, na baadaye akalitoa sadaka msikitini. Waliolipokea walikwisha kufa zamani, na vumbi la nyayo lilikwisha kulifunika. Tangu siku hiyo Bi Kafia hakuliona tena. Lakini kila lilipotajwa, alisema: "Lile ni buluu. Buluu, na nyota nyeupe."

Watu walicheka. Kisha wakaacha kucheka, wakaanza kumhurumia. Mwanawe Diriye akaamini kwamba akili ya mama imekwisha. Akaacha kuwapeleka wageni kwake. Chakula alipelekewa, maneno hakupelekewa.

Baada ya mafuriko, wazee wa msikiti walikata shauri: zulia linanuka, lizikwe. Diriye akaenda kumwarifu mama yake. Tuneya alikuwapo uani, anaanua nguo. Akamsikia Bi Kafia akiuliza, polepole:

"Mnazika zulia la mume wangu bila kuliosha? Hata maiti huoshwa."

Tuneya akaweka kapu chini. "Kaka Diriye," akasema, "waombe wazee wanipe mimi. Nikishindwa, shimo lipo."

Wakampa. Wanaume wakataka kulitumbukiza mtoni papo hapo. Akawazuia. Mtoni kuna mamba, na tope bichi likikutana na maji hushuka ndani zaidi. Akaomba litundikwe juu ya magogo, likauke hadi tope lipasuke. Watu wakaguna. Yeye akangoja.

Huku nyuma habari zilienea, na vifaa vikaanza kuletwa. Mmoja alileta fimbo ya mkoma. Mwingine, kipigio cha fito za henzirani kilichosukwa kama ua. Mwingine, burashi ya waya. Mfanyabiashara mmoja alileta burashi laini, mpya, kutoka Mombasa. Na Reuben, mpishi wa nyumba ya ofisa wa serikali, aliomba ruhusa akaja na mashine ya kusukuma, ile yenye mpini mrefu na burashi za mviringo tumboni. Watu walijazana kuitazama mashine kuliko zulia lenyewe.

Tuneya akavijaribu vyote kwenye pembe moja, upande wa chini. Fimbo ya mkoma ilipiga mahali pamoja na kuumiza uzi. Henzirani ilitawanya pigo, vumbi likatoka kama moshi. Akaichukua henzirani. Mashine ya Reuben haikugusa kilichojificha ndani, lakini vumbi lililokwisha kupanda juu ililimeza lote, safi, bila kulirusha tena. "Hii ifuate nyuma ya kipigio," akasema, na Reuben akasukuma mwenyewe kwa furaha. Burashi ya waya iling'oa nyuzi kwa mkupuo mmoja. Akairudisha kwa mwenyewe. Ile laini ya Mombasa aliishika muda mrefu.

"Hizi nywele za mnyama gani?"

Hakuna aliyejua.

"Basi zulia la msikiti tusilitie shaka, zisije zikawa za nguruwe."

Badala yake akachukua kumbi la nazi, akalipondaponda hadi likawa laini. Akasugua pembe kwa sabuni, akakandamiza kitambaa cheupe aone kama rangi inatoka. Kitambaa kilitoka na uchafu tu. Rangi, yoyote iliyofichwa na uchafu ule, ilishika.

Wakalitandaza kwenye mteremko, wakachota maji kwa madebe. Tuneya akasugua, na Mwanaarusi akasugua. Kisha akachukua kafi kuukuu la mtumbwi, lililolainika ukingo, akalivuta juu ya zulia, kutoka juu hadi chini, kwa uzito wa mwili wake wote. Maji meusi yakateremka. Akavuta tena. Yakateremka ya kahawia. Wakamwaga maji mengine. Akavuta tena.

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo kila niliyemhoji alishusha sauti.

Nyuma ya kafi lile ilitokea buluu. Si buluu ya kukisia. Buluu kama mbingu iliyotoka kunyeshewa. Na ndani yake, nyota. Nyeupe. Moja, kisha nyingine, kisha safu nzima. Mwenye debe alibaki nalo mkononi. Mzee mmoja aliyesali juu ya zulia lile maisha yake yote alivua viatu, ingawa alikuwa amesimama kwenye tope.

"Subhanallah," akasema. "Tulikuwa tukisujudu juu ya mbingu, na hatukujua."

Na Diriye? Alikimbia. Mtu mzima, mwenye duka, alikimbia mbele za watu hadi nyumbani, akarudi amemshika mama yake mkono. Bi Kafia akainama, akaweka kiganja juu ya nyota iliyolowa.

"Hooyo," Diriye akamwita, yaani mama, kwa Kisomali. "Hooyo, nisamehe."

Bi Kafia hakumtazama. Alikuwa analitazama zulia. "Elmi," akasema, "wameliona."

Tangu siku ile Diriye aliwapeleka wageni kwa mama yake. Waliuliza habari za visima vya zamani na za koo, naye akajibu, na alipojibu walimsikiliza, hadi alipofariki miaka miwili baadaye. Tuneya naye akaitwa Witu, akaitwa Kipini, popote penye zulia lililokatiwa tamaa. Alibeba kipigio chake, makumbi yake na kafi lake. Wenye mashine aliwaambia waitunze: "Hiyo ni ya kila siku. Mimi ni wa siku ya taabu."

Siku ya maziko, Diriye alishika mguu wa jeneza tangu nyumbani hadi kaburini, akakataa kupokewa. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Watu nasema huyu naosha zulia. Mimi nasema huyu narudisha mama yangu."

Kwa Mwanaarusi, kwa jamaa wote wa Kinakomba na Garsen, tunawapa mkono wa rambirambi. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea. Amlaze Tuneya pema.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, tafakarini. Huenda nyumbani mwenu yupo mtu mliyeacha kumsikiliza. Msimpelekee dawa wala shauri. Kaeni karibu naye jioni hii, mumuulize alichokiona zamani, kisha mnyamaze.