Mstari Uliopita Shambani Kwangu

Ejok, kina mama. Mbona mnaitika kama mmefiwa? Ejok tena. Haya, sasa nimesikia watu.

Mchungaji amesema nisiongee sana. Yeye ni mgeni hapa, mumsamehe.

Mnaniona nacheka na haya meno yamebaki. Lakini ile miaka ya sabini sikucheka. Hapa Kanamkemer hakukuwa na hizi maduka, ilikuwa miti na mashamba ya wanawake kushuka mpaka mto Turkwel. Mto ikifurika, ikirudi, tunapanda mtama kwa matope. Mifugo ni ya mwanaume, shamba ya mto ni ya mwanamke. Yangu nilipewa na mama yangu. Na mwaka huo mbuzi zetu ziliisha na ugonjwa, kwa hivyo ile mtama ndiyo ilikuwa tumbo ya watoto wangu wawili.

Sasa wakaja watu wa kutafuta mafuta. Wanapasua mstari ya vipimo vyao kwa msitu, moja kwa moja, wanaume na panga mbele, katapila nyuma. Na mmoja wa hao wanaume ni nani? Baba ya watoto wangu. Nilifurahi, nawaambia ukweli. Alileta unga. Alileta hata ile kofia ngumu ya kazi, nikateka nayo maji.

Siku moja naona panga zinakuja kwangu. Nikasimama kwa ua ya miiba. Mtama bado punje iko na maziwa, ndugu zangu, kidogo tu ikauke.

"Toka hapo, mama," mume wangu anasema. Haniangalii.

"Zungukeni."

"Mstari haipindi."

"Mto yenyewe inapinda. Mstari yenu ni mkubwa kuliko mto?"

Wenzake wakacheka. Yeye hapana. Msimamizi akapiga kelele huko nyuma, na mume wangu akainua panga, akakata ile ua tulifunga pamoja. Katapila ikapita katikati.

"Nitafunga jioni," akasema.

Jioni gari ikawabeba kambi ya mbele. Nikaburuta miiba peke yangu mpaka mikono ikatoa damu, lakini pengo ilikuwa kama barabara. Asubuhi nakuta punda na ngamia ndani. Hawakuacha hata ya kuonja.

Mafuta hawakupata. Kambi ikafungwa, mume wangu hakurudi. Wengine wanasema yuko Kapedo, wengine wanasema amekufa. Tukala matunda ya mkoma mpaka matumbo ikafunga. Mtoto mdogo akaacha kulia. Kina mama, mnajua mtoto akiacha kulia.

Lori moja ikatubeba mpaka Kakuma, kwa rafiki ya mama yangu, alikuwa na shamba huko mto wa Tarach. Akalisha watoto. Mimi nikalala, uso kwa mchanga. Nikasema nitafia hapa.

Huyo mama hakunibembeleza. "Umekuja kulala? Ndege wanamaliza mtama yangu. Panda juu upige kelele."

Ni desturi yetu, mwenye kufukuza ndege anapata fungu wakati wa kuvuna. Nikapanda ile kitanda ya miti ya kulinda shamba. Nikafungua mdomo, ikatoka kilio. Nikalia huko juu, nikatukana mume wangu, nikatukana katapila, nikamwuliza Akuj maswali, na yeye ni Mungu. Ndege wote wakahama.

Huyo mama chini anacheka. "Endelea! Bado ule upande!"

Hapo ndipo nilipopona, ndugu zangu. Tangu siku hiyo sijanyamaza, sasa hata mchungaji amejua.

Nikarudi hapa Kanamkemer na fungu yangu ya mbegu. Nakuta Turkwel imefurika, na maji imeingia kwa ile mstari, imejaza matope mpaka mahali mto haikuwa inafika. Nikapanda humo ndani. Mtama ikatoka, imenyooka kama ilichorwa.

Punje zikiwa na maziwa tena, nikiwa juu na ndege, naona mwanaume amekonda amesimama kwa pengo. Baba ya watoto wangu. Akaenda kukata miiba, akaanza kufunga. Nikamwangalia mpaka jua ikashuka, halafu nikamwambia, "Hapo chini bado iko wazi."

Namshukuru dereva wa lori, hata jina sikuuliza. Namshukuru mama wa Kakuma, amelala sasa. Na nyinyi nawaambia, mtu akija kwako amevunjika, mpe chakula. Akishiba, mwonyeshe ndege wa shamba yako wako wapi.