Papa wa Roma Hakutoka Roma

Mchungaji Israël, wazee wa kanisa, majirani wa Umbilo hapa Durban, mama zetu wa saluni, na wewe Tantine Viorica, dada wa marehemu, unayetusikiliza kutoka Romania kwa simu iliyowekwa juu ya jeneza, familia inawasalimu kwa jina la Bwana, na inaomba mtuvumilie, kwa sababu historia hii iliandikwa Jumanne, ikafutwa Jumatano, na mengi mtakayoyasikia sisi wenyewe wa nyumbani tumeyajua wiki hii hii, tukabaki midomo wazi.

Marehemu Toader Cercel alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika kijiji kilicho karibu na mji wa Slobozia, nchini Romania, akiwa mtoto wa tano wa mzee Dumitru Cercel, mpiga nai wa harusi, na mama Safta. Nai ndiyo ile ala mliyomwona nayo, mianzi ishirini na miwili ya urefu mbalimbali, iliyopangwa bega kwa bega, inayopulizwa kwa juu kama mtoto anavyopuliza mdomo wa chupa. Wakenya wetu wa Westville walimtania kwamba kwao Nai ni Nairobi, naye akawajibu, "Basi Nairobi yenu yote naibeba kwapani."

Alianza shule mwaka 1968, akaiacha mwaka 1974 akiwa darasa la sita, kwa sababu baba yake alimhitaji kwenye harusi, na kwa sababu, kama alivyotusimulia Tantine Viorica, mwalimu aliwaketisha watoto wa kwao benchi la mwisho na hakuwauliza swali hata moja. Hapo ndipo tulipoelewa jambo lililotushangaza zamani, kwamba binti yake Clementina aliposimamishwa shule akiwa darasa la tisa, makaratasi ya familia yakiwa yamekwama uhamiaji, marehemu ndiye aliyezunguka ofisi hadi viatu vikaisha soli, na aliposhindwa akamketisha kila asubuhi kwenye meza ya jikoni, akampa nai, akamwambia, "Kama hawakuulizi swali, wape wimbo."

Tangu mwaka 1979 alipiga katika bendi ya kiwanda cha matrekta, kiwanda kikafungwa, na mwaka 1995 akaajiriwa katika meli ya watalii, akizunguka bandari ambazo mwenyewe alisema alizijua kwa harufu ya jikoni tu, maana wanamuziki hawakushuka. Durban alishuka. Ilikuwa tarehe 6 Novemba 2004, hoteli moja ya pwani ikampa mkataba, na hoteli ilipopata wenyewe wapya mwaka 2009 akabaki na nai yake mkononi, akaanza kupiga kando ya barabara katikati ya mji, mbele ya duka la simu la Papy, mlango wa pili kutoka saluni ya Mama Henriette.

Mama Henriette, mzaliwa wa Uvira, alikuwa mjane mwenye watoto wawili, Peguy na Clementina, na wateja wake ndio waliomfanya amtazame yule mzungu, kwa sababu waligoma kuinuka kitini hata nywele zilipokwisha kusukwa. "Mwambie apunguze utamu," alimwambia Papy, "mie niko na foleni hapa." Papy akapeleka ujumbe, na mzungu akaja mwenyewe kuomba radhi kwa Kifaransa cha melini, akarudi kesho yake kuomba tena. Walifunga ndoa tarehe 21 Aprili 2012 katika kanisa hili, na Mungu hakuwajalia mtoto mwingine, lakini hakuna aliyewahi kumsikia marehemu akisema watoto wa kambo, alisema wangu.

Nyumbani nai ilikaa kwenye friji. Ndani ya kila mwanzi mna nta ya nyuki inayoshikilia sauti mahali pake, na joto la Durban la mwezi wa pili huilegeza, kwa hiyo ililala kando ya sombe, majani yetu ya muhogo, imefungwa taulo, na mgeni aliyefuata maji baridi alirudi sebuleni akiuliza, "Mama Henriette, munakula hata filimbi?"

Sasa tufike kwenye lile jina.

Jumapili yake ya kwanza hapa, mwaka 2011, wageni walisimamishwa wajitambulishe kama ilivyo desturi yetu, naye akasema maneno aliyofundishwa na Mama Henriette, "Naitwa Toader, mimi ni Rom." Papa Achille, mkalimani wetu, akanyoosha mkono kwa uhakika, akatangaza, "Anasema ametoka Roma!" Sauti moja ikatoka nyuma, "Aksanti Yesu, tumepata Papa wa Roma, na hata si Wakatoliki!" Kanisa likaanguka kicheko, vigelegele vikapanda, marehemu akainua kidole kimoja, akasema tena, taratibu, "Rom." Sisi tukaitika kwa nguvu, "Roma!"

Toka siku hiyo ikawa desturi. Kila alipomaliza kupiga aliinua kidole na kusema Rom, na kanisa zima likaitika Roma, watoto wakaijua kabla ya kujua Baba Yetu. Mama Henriette aliona hati zake, alijua nchi yake ni Romania, akadhani Rom ni kifupi cha Romania, akawaachia watu utani wao. Hata siku ile sokoni, bibi mmoja wa Kihindi alipokuwa akihesabu ndimu kwa lugha ya mababu zake, akafika tano, akasema panch, marehemu akashtuka na kusema panj, wakatazamana wakacheka wote wawili, nasi tulidhani mzungu amejifunza Kihindi melini.

Hakuugua. Hili linatuumiza kulieleza, maana mahali pa ugonjwa katika historia hii hatuna la kusoma. Jumapili tarehe 10 Agosti 2025 alikunywa chai, akamlalamikia Peguy kwamba amemaliza mkate, akapanda gari mbele, akaja kanisani, akapiga wimbo wa sadaka mpaka mwisho, akainua kidole, akaketi. Sisi tukaitika Roma. Tuliitika mara mbili, tukipiga makofi, tukidhani anapumzika, mpaka Dada Truphosa, anayesomea uuguzi, aliporuka viti akipiga kelele tunyamaze. Alimkandamiza kifua mpaka gari la wagonjwa likafika, na hospitalini daktari akatoka na kumwambia mama kwamba moyo ulikuwa umekwisha kusimama. Hadi leo kuna watu humu ndani wanaogopa makofi.

Jumatano tulimpata Tantine Viorica, aliyefanya kazi Ubelgiji zamani na anazungumza Kifaransa, naye hakuweza kupata viza ya kuja. Mama Henriette akamsomea historia tuliyoiandika, na alipofika kwenye neno Roma, Tantine akamkatiza, akauliza, "Roma gani? Nani wa Roma? Sisi ni Warom."

Akatueleza. Warom ni watu, si mji, mababu zao walitoka India karne nyingi zilizopita wakatawanyika Ulaya, lugha yao bado inahesabu kama yule bibi wa ndimu, na huko Romania walikuwa watumwa, wakiuzwa na kununuliwa, mpaka siku za babu wa babu yake. Mama Henriette aliketi chini, pale pale sakafuni, akauliza kwa nini mumewe hakumwambia, na Tantine akajibu kwamba alikuwa akiwaambia kila Jumapili, na kwamba kuna siku alimpigia akicheka, akasema, "Viorica, kwetu nikilitaja jina letu watu wanakumbatia mikoba, huku nikilitaja wanapiga vigelegele, hata kama wanakosea. Niache nilisikie tena." Kisha Tantine akalia, akaomba kitu kimoja tu, kaka yake asizikwe kama mtu wa mahali pengine.

Msalaba ulikuwa umekwisha kuandikwa, Papa wa Roma. Wazee walikutana nyumbani, na Papa Achille akasema kwa upole, "Mama, tuache vile tu. Watu banamujua na jina hiyo. Ile ingine italeta maswali, na hii ni siku ya kulia, si ya maswali." Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Mama Henriette akamjibu, "Miaka yote alikuwa anatuambia, Papa Achille. Ni sisi tulikuwa tunaitika vibaya. Clementina atasoma yote." Papa Achille akasema eish, akaomba kisu, akatoka uani alikoegemezwa msalaba, na kwa mkono wake mwenyewe akakwangua herufi moja ya mwisho. Mtauona makaburini. Alama ya kisu inaonekana, na familia imeomba isipakwe rangi.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliompokea, Dada Truphosa aliyepigania uhai wake, Mchungaji Israël, majirani wa ghorofa yetu waliopika, Papy aliyefunga duka wiki nzima, wanamuziki wenzake wa pwani, na madereva wa taxi wa pale mjini, ambao walizima redio zao kila alipoanza kupiga, jambo ambalo hawakumfanyia mtu mwingine. Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, dada mmoja, na nai iliyorudi kwenye friji.

Tunaomba jambo moja kabla jeneza halijainuliwa. Tantine Viorica atasema lile neno kwa simu, mara moja, na sisi tunaomba tuliitikie kama alivyolisema kaka yake siku ya kwanza, bila kuongeza kitu mwishoni. Anayeogopa makofi asipige. Vigelegele tunaviomba, maana hivyo alivipenda.

Toader Cercel, Papa wetu, Mrom, sasa tumekusikia. Pumzika kwa amani.