Ghala la Mwigobero Si Langu

Sogezeni viti karibu na kitanda, wanangu, maana sauti yangu haifiki mbali kama zamani, na haya nitakayoyasema sitaki mtu aje kudai kesho kwamba hakuyasikia. Hilda, mama, fungua dirisha. Amos, kaa hapa mkono wa kulia. Nimemwomba Katekista Alfonsi akae mlangoni na daftari lake aandike, na huyu Brenda, binti wa Mzee Ngolo, nimemwita mimi mwenyewe kutoka Bunda, kwa hiyo mtu asimwangalie kama mgeni aliyekosea nyumba. Mimi Wenceslaus, baba yenu, akili zangu ni timamu. Ni miguu na kifua tu vilivyotangulia kuchoka.

Nianze na yaliyo mepesi. Nyumba hii ya Butiama na shamba la mihogo hadi kwenye yale mawe ni vyenu wote wawili, na visiuzwe mama yenu akiwa amelala pale nyuma. Nyumba ya Musoma ni ya Hilda, kwa sababu ndiye aliyekaa humo akimuuguza mama yake. Ng'ombe wote ni wa Amos. Hayo hayana ugomvi. Ugomvi uko kwenye ghala.

Ghala la Mwigobero, kule Musoma, limeandikwa jina langu. Hati imo ndani ya sanduku la bati, na Amos umekwisha kuiona, tena Pasaka nilikusikia ukimwambia shemeji yako kwamba pale ziwani pangefaa gesti ya ghorofa mbili. Sikukasirika. Ningekuwa kijana nikaona karatasi yenye jina la baba yangu, hata mimi ningeanza kuhesabu vyumba. Lakini ghala si langu, baba, na kwa hiyo si lenu, na leo nataka mjue kwa nini.

Nilipofika Musoma kutafuta maisha nilikuwa nachoraga vibao tu, saluni, duka la dawa, majina ya mitumbwi. Mji wenyewe wakati ule haukuwa na la kujisemea. Mtu wa Musoma akienda safari akaulizwa atokako, alijibu, "Kule, ukishapita Mwanza." Hata mimi nilijibu hivyo miaka mingi bila kuona kasoro. Ghala lilikuwa la chama cha pamba kilichokwisha kufa, limejaa popo na magunia yaliyooza, na Ngolo alikuwa anapigia litungu humo kwa sababu alikopanga walikuwa wamezichoka zile nyuzi zake nane. Mimi niliingia kukwepa mvua. Akapiga, nikaokota kipande cha mkaa nikaanza kumchora ukutani jinsi alivyoinama, na mvua ilipokatika hakuna aliyetoka. Ndivyo kikundi kilivyoanza. Msiwasikilize wanaosema tulikuwa na mpango.

Wakaja akina mama wa Bukima, waliokuwa wakileta dagaa mwaloni na kuimba wakingoja mtumbwi wa kuwarudisha. Wakaja vijana wa maigizo. Ghala likijaa tukatoka na rangi barabarani, tukawa tunachora kuta za mji. Kwenye kona ya sokoni nilichora furu mkubwa kama ng'ombe, kwa sababu furu walikuwa wameadimika ziwani hata watoto wakafikia kuuliza furu ni samaki gani, na wiki haijaisha nikasikia mwenye bodaboda akimwambia abiria, "Nakushusha Kona ya Furu." Nilisimama pale na ndoo yangu ya rangi nikacheka peke yangu.

Sasa niseme kosa langu, na Brenda usiniangalie hivyo, najua mama yako alikusimulia. Mwenye hoteli moja alitutaka tumpigie wageni wake nyimbo zinazovuma redioni, nami nilikuwa mwenyekiti, nikamwambia Ngolo aweke litungu pembeni ashike gitaa. Akanijibu kwa upole, "Wence, hizo nyimbo hata Dodoma wanazo. Unataka mtu asafiri mpaka Musoma kuja kusikiliza Dodoma?" Nikamwita mshamba. Nilimwita hivyo mbele ya kikundi chote na mbele ya mke wake. Akabeba litungu lake, akahamia Bunda, kule Kabasa, na kwa miaka kumi na mmoja hatukusalimiana. Basi likipita Bunda mimi nilikuwa nageukia dirisha la upande wa pili. Ile hoteli ikanunua spika, nasi hatukuitwa tena, na ghala likarudi kuwa la popo.

Ndipo ikaja barua ya manispaa kwamba jengo litabomolewa, eneo liwe la kuegeshea magari. Hilda aliisoma akaikunja, akaniambia, "Baba, nenda kwa Mzee Ngolo." Nilikaa siku tatu na neno hilo. Siku ya nne nikapanda gari.

Nilimkuta nje ya nyumba yake akikaza uzi. Kwa kuwa nilimtukana mbele ya watu, sikutaka kumwomba radhi kwa siri, nikangoja mke wake atoke, na Brenda, na majirani wawili, ndipo nikasema, "Nilikuita mshamba. Mshamba nilikuwa mimi." Hakuinua macho. Akakaza uzi mpaka ukakaa sawa, akauliza, "Kule kwenye kona ya ghala bado panavuja?" Nikamwambia panavuja. Akasema, "Basi nitakuja na mabati mawili." Mpaka leo hajatamka kwamba amenisamehe. Alikuja na mabati.

Alikuja pia na huyu Brenda na vijana wa Manyamanyama, kule kule Bunda, na akina mama wa Bukima waliposikia litungu limerudi hawakuhitaji kuitwa.

Nipeni maji kidogo. Inatosha.

Manispaa ikaitisha mkutano wa hadhara kuhusu ghala, na siku hiyo uwanja ulijaa. Mpimaji wao wa ardhi alikuwa kijana mstaarabu kutoka mbali, akabandika ramani yake ubaoni, akauliza, "Wananchi, jengo hili likiondoka, mji unapungukiwa na nini?" Mimi nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa nne. Nikasimama, karatasi zikanichanganya, nikakaa. Ndipo Brenda, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza fomu foo, akanyoosha mkono.

"Shikamoo. Naomba utusomee ramani yako, yale majina ya vituo tu."

Akasoma. Kona ya Furu. Ukuta wa Dagaa. Kwa Litungu. Mteremko wa Bibi Harusi. Kila akisoma, watu wanaanza kucheka, na yeye hajui wanachocheka.

Brenda akamwuliza, "Hayo majina umeyatoa wapi?"

"Kwa wananchi. Nikiuliza njia, ndivyo wanavyonielekeza."

"Na kabla ya hizo picha, pale palikuwa panaitwaje?"

Akaangalia karatasi, akatuangalia sisi. Mama mmoja wa Bukima akamjibu kutoka nyuma, "Palikuwa hapaitwi."

Wanangu, nimeishi siku nyingi, lakini sijasikia uwanja ukilipuka vile. Wauza samaki, makondakta, walimu, watu ambao hawajawahi kukanyaga ghalani wakasimama kulidai kama la baba zao. Mpimaji mwenyewe alisema mbele ya wakubwa wake kwamba wiki tatu amekuwa akitembea ndani ya kazi yetu bila kujua. Ghala likaachwa, tukapewa. Kikundi kilikuwa hakijasajiliwa, hati ikahitaji jina la mtu, wakaandika langu kwa kuwa nilikuwa nimekaa karibu na meza. Ni hilo tu. Na leo vijana wetu wakienda kwenye mashindano wanasema, "Sisi ni wa Musoma," wanaishia hapo, na anayeuliza ndiye anayeona aibu kwamba hapajui.

Katekista, andika. Ghala ni la kikundi. Ufunguo anao Brenda kuanzia leo, na Hilda atakwenda naye kubadilisha hati. Amos, nataka kulisikia kwa mdomo wako.

Umesikia, Katekista? Amesema, "Nimekubali, baba." Andika na hilo. Usifute macho, mwanangu, hakuna aliyekushinda hapa. Una mikono ya kujenga. Kawajengee jukwaa la nje, upande wa ziwa, na Mzee Ngolo akuelekeze.

Nizikeni kando ya mama yenu. Mazoezi yasisimamishwe kwa ajili yangu.

Na lingine... ngojeni nivute pumzi. Ukuta wa stendi ya zamani, ile picha yangu ya wavuvi imepauka. Vijana wanautaka ukuta, wanaona haya kuniomba, wanangoja nife kwanza. Waambieni waanze Jumatatu. Wapake juu yake. Wasiache hata mkono mmoja wa mvuvi kwa kunionea huruma.

Njooni. Hilda. Amos. Na wewe, Brenda, piga magoti nao. Mungu awape macho ya kuona mlipo... awape watu wa kugombana nao na kupatana nao... mikono yenu isikauke rangi. Nimewabariki. Na wenu watakaozaliwa, nime...

Laza mto, Hilda. Hivyo. Hivyo hivyo.