Mzee Milimita Astaafu Bila Kugonga

Tarehe 30 Juni, saa tisa alasiri, fundi mkuu wa banda la vipande vya upepo alistaafu rasmi baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku sita. Hizo siku sita tumeziweka kwa makusudi. Tungeziacha, angetupigia simu.

Jina lake kamili limo kwenye faili la utumishi, na huko ndiko linakokaa. Sisi sote, kuanzia mlinzi wa getini hadi Meneja, tunamwita Mzee Milimita. Hata mkewe, ambaye ni mwalimu wa hesabu, humwita hivyo akiwa amemkasirikia.

Kwa wasomaji wa matawi mengine ambao hawajafika bandani kwetu, kazi yetu ni kubandika vipande vidogo vya kuongoza upepo kwenye magari makubwa ya njia mbovu, yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Kuna vikinga upepo vya juu ya madirisha, kuna spoila, yaani bawa dogo la juu ya mlango wa nyuma, na kuna mapezi madogo yasiyozidi urefu wa kidole yanayopangwa ukingoni mwa paa. Gari lenyewe lina tani mbili na ushei, pezi lina uzito wa biskuti. Ndiyo maana kila mteja huuliza kama kweli vitu hivi vinasaidia. Mzee aliwajibu wote kwa upole uleule: gari halitapaa, ila kelele itapungua, na kioo cha nyuma hakitajaa vumbi kama zamani. Hakuwahi kutia chumvi.

Aliyembishia sana ni dereva wa gari letu la kuvuta magari mabovu, ambaye alitangaza mbele ya watu kwamba mapezi ni mapambo tu. Kesho yake Mzee alikuja na sweta la mkewe, akalifumua, akabandika nyuzi nyuma ya gari, nusu upande wenye mapezi na nusu upande mtupu, kisha akamwomba yule dereva amfuate barabarani akitazama. Dereva alirudi mpole. Upande mtupu nyuzi zilicheza ngoma, upande wa mapezi zililala. Ubishi uliishia hapo bandani, ingawa nyumbani kwa Mzee suala la sweta halijafungwa mpaka leo.

Mtu huyu hana unywele hata mmoja kichwani, lakini amemiliki vikausha nywele vinane. Tepu ya pande mbili tunayobandikia haishiki vizuri kwenye bati baridi, kwa hiyo lazima bodi ipashwe moto kwanza. Cha kwanza alikiazima kwa mkewe bila kumwambia. Rula yake ya chuma imesuguliwa na mfuko wa shati mpaka namba moja, mbili na tatu zimefutika, naye akikuona unashangaa hukwambia kwamba hizo anazijua kwa kichwa. Ameshainyoosha picha ya ukutani ofisini kwa Meneja wakati akionywa kwa kuchelewesha magari. Alikuwa akisikiliza, huku mkono mmoja uko kwenye fremu.

Kuchelewesha huko kulikuwa na sababu. Bandani kwetu gari halitoki mpaka Mzee alipitie. Hufumba macho, hupitisha vidole viwili kwenye kila ungio, taratibu, kuanzia dirisha la dereva hadi kuzunguka lote. Akigonga bati kwa ukucha mara moja na kusimama, ujue hapo pana kosa na kazi irudiwe. Akimaliza mzunguko na kugonga mara mbili, gari liende. Hakuna hati wala mhuri unaozidi hizo ngo-ngo mbili.

Sasa naomba niseme jambo langu. Mimi ndiye niliyekuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na minne. Nilihamia kutoka banda la rangi nikijiona fundi, na mwezi wangu wa kwanza nilifunga spoila kwenye gari la daktari mmoja wa mifugo. Siku hiyo Mzee hakuwepo, mkewe alikuwa anajifungua kitindamimba wao. Mteja ana haraka, mimi nina haraka ya sifa, gari likatoka bila kugongwa. Baada ya siku tatu daktari alirudi na kioo cha nyuma kilichojaa vumbi kama ukuta wa udongo, tena kuliko kabla hajatujia. Nilikuwa nimeifunga spoila juu chini. Badala ya kushusha upepo ufagie kioo, iliupeleka juu, na vumbi likapata kitanda.

Nilijua ajira yangu imekwisha. Mzee alimtazama daktari akamwambia kosa ni lake yeye, kwa kuwa hakugonga. Akaifungua ile spoila mwenyewe, akanikabidhi niifunge upya, naye akashika kikausha nywele. Hakulitaja tena jambo hilo, na mimi sikuwahi kumshukuru. Leo namshukuru, tena kwa maandishi.

Ilipobaki miezi mitatu astaafu, Meneja alimuuliza nani atagonga baada yake. Mzee alisema tutaona. Aliulizwa tena mwezi uliofuata, akasema tutaona. Meneja naye akatangaza kwamba kama hakuna wa kukagua, banda litafungwa, vipande vitapelekwa kubandikwa kwingine, na mahali petu patakuwa stoo ya matairi. Sisi mafundi watano tulianza kuyatazama matairi kwa chuki.

Katika hali hiyo tuliamua kumpa zawadi. Gari lake mwenyewe, kuukuu lenye umri wa miaka ishirini, halikuwahi kubandikwa hata pezi moja, maana siku zote alikuwa na gari la mteja mbele yake. Mkewe alituletea ufunguo na kumwambia mumewe kwamba gari liko kwa fundi wa breki. Tulilifunga vikinga vya madirisha, spoila na mapezi sita. Mapezi niliyapima mimi, nikayapima tena.

Siku ya kumuaga, wageni walikuwa wameshakaa na Meneja ameshafungua karatasi ya hotuba tulipoliondoa turubai. Mzee alilitazama gari kwa muda mrefu. Alivua koti la suti, akampa mkewe, akafumba macho. Alipita madirisha yote manne, akapita spoila, nikaanza kupumua. Kwenye pezi la nne vidole vilisimama. Akagonga mara moja.

Lilikuwa limepinda milimita moja. Hotuba ilikunjwa. Nikiwa na gauni la sherehe nililiondoa pezi kwa uzi wa kuvulia samaki, nikasafisha gundi kwa spiriti, nikapasha bati moto, nikabandika upya na kulishikilia huku nikihesabu hadi sitini. Dakika arobaini wageni walisimama wakinitazama mgongo. Nilipomaliza nilisogea pembeni ili apitishe vidole.

Hakupitisha. Aliweka mikono nyuma ya mgongo, akasema kwa sauti ya kumfikia Meneja: "Gonga mwenyewe, mwanangu."

Nilifumba macho, nikapitisha vidole kuanzia dirisha la dereva, nikazunguka gari lote bila haraka. Kisha nikagonga mara mbili. Meneja hakuuliza tena swali lake, na matairi yametafutiwa mahali pengine.

Alipokuwa anaingia kwenye gari nilimpa onyo alilompa kila mteja kwa miaka thelathini na mmoja, kwamba asilioshe wala lisilowe mvua hadi siku nzima ipite, ili tepu ishike. Aliitikia kwa heshima kama mteja mgeni.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa kila kazi uliyoturudishia na kwa lawama moja uliyoibeba isiyo yako. Upumzike vizuri wewe na mwalimu, barabara ziwe kimya, na kioo chako cha nyuma kiwe safi. Usiwe na wasiwasi juu yetu. Mkeo ametuarifu kwamba asubuhi iliyofuata mvua ilinyesha, nawe ukasimama nje ukilishikia gari mwavuli mpaka saa zilipotimia, upande wa pezi la nne.